Koili ya Umeme kwa Birika la Kukenekea Mafuta

Maelezo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Mkulima wa mchaichai au mkaratusi ambaye nyumba yake imefikiwa na umeme huvutiwa kuziacha kuni na kukeneka mafuta yake kwa koili. Nia hiyo ni njema. Lakini mafuta ya wanachama humiminwa katika pipa moja kabla ya kuuzwa, na chupa chache zenye harufu ya kuungua huweza kushusha daraja la pipa zima. Kwa hiyo koili iliyomo ndani ya birika la mwanachama mmoja ni jambo la chama kizima. (Gongo haimo katika maelezo haya, hiyo ina sheria zake.)

Mnunuzi afikapo dukani huuliza wati peke yake, akidhani kuwa nyingi ndizo bora. Yafaa apige hesabu kwanza. Kuchemsha lita 40 za maji, kutoka nyuzi 25 hadi nyuzi 100, huhitaji takriban yuniti tatu na nusu za umeme. Koili ya kilowati 3 humaliza kazi hiyo kwa saa moja na dakika kumi hivi, na ya kilowati 6 kwa nusu ya muda huo. Maji yakishachemka, kila kilowati hutoa mvuke wa lita moja na nusu hivi ya maji kwa saa. Mvuke ukizidi uwezo wa bomba la kupozea, mafuta hutoka pamoja nao yakapotea hewani, na mkulima akawa amelipia umeme ili apate hasara.

Nyaya za nyumba nazo zina kauli. Kilowati 3 kwa volti 230 huvuta ampea 13, na huo ndio ukomo wa plagi ya pini tatu bapa. Plagi ikibebeshwa mzigo huo kwa saa kadhaa mfululizo hupata moto, na soketi iliyolegea huungua. Heri fundi mwenye leseni avute waya wa pekee wenye swichi yake ya kujikata. Kilowati 6 huvuta ampea 26; nyumba nyingi hazikutandikwa nyaya kwa mzigo huo. Tena, kijiji kilicho mwisho wa laini hupata volti pungufu: koili ya kilowati 3 iliyotengenezwa kwa volti 230 hutoa kilowati 2 na robo tu zinapofika volti 200. Fundi asilaumiwe kwa hilo. Koili ya volti 115 iliyoletwa kutoka Marekani haifai kabisa, kwani kwa volti 230 huvuta nguvu mara nne ya kadiri yake na kukatika.

Jambo lisemwalo kwa uchache dukani, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni eneo la koili. Kilowati 3 zikipita katika bomba nene la milimita 8 lenye urefu wa mita moja, kila sentimita ya mraba hubeba wati 12. Urefu ukiwa mita mbili, hubeba wati 6. Nguvu ni ile ile, lakini koili fupi huwa kali mno: majani yakiigusa huungua, na chokaa ya maji ya visima vya pwani huiganda kama ukoko wa wali. Mwanachama anunue koili ndefu iliyokunjwa, hata kama bei yake imezidi. Ukoko ukianza, huondolewa kwa siki au maji ya ndimu, kisha birika husuuzwa vizuri.

Koili iwe ya chuma cha pua kisichoshika kutu, hasa kwa mwenye kukeneka majani ya mkarafuu, maana mafuta ya karafuu hubadilika rangi yakigusa chuma cha kawaida. Makonyo ya karafuu ni kazi ya saa nyingi, na huko Pemba yana kiwanda chake Wawi. Birika la nyumbani lisishindane nacho.

Majani yakae juu ya chekeche, na maji yaifunike koili tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Koili iliyoachwa mkavu huharibika kwa muda mfupi na huweza kuzusha moto. Kidhibiti joto cha hita ya kuogea hakisaidii hapa, kwa kuwa hukata umeme kabla maji hayajachemka. Kinachotakiwa ni kikatio kinachozima umeme maji yapunguapo. Njia ya mvuke isizibwe kamwe.

Mwili wa birika uunganishwe na waya wa ethi, na fundi aupime kabla birika halijatiwa maji. Katibu aandike katika daftari la chama jina la mwanachama, wati na volti za koili yake, na tarehe ya kipimo hicho. Mafuta ya birika lisilopimwa yasipokelewe ghalani.