Watawa wawili katika matope: namna tulivyotengeneza filamu fupi ya katuni

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahudumu wa amani na viongozi wa vikundi vya vijana)



Nimeombwa kueleza kwa nini shirika letu dogo la Bonde la Ruzizi lilichukua hadithi ya Wajapani na kuifanya sinema, wakati sisi wenyewe tuna hadithi nyingi za sungura na fisi. Swali ni la haki. Nitalijibu, lakini kwanza hadithi yenyewe.

Watawa wawili wa dini ya Kibudha, upande wa Zen, walikuwa safarini baada ya mvua kubwa. Wakakuta msichana aliyevaa nguo nzuri, ameshindwa kuvuka matope. Sheria ya watawa inakataza kumgusa mwanamke. Mkubwa akambeba, akamvusha, akamweka chini. Mdogo akanuna njia nzima. Usiku akashindwa kuvumilia, akamlaumu. Mkubwa akamjibu kwamba yeye alimwacha msichana kule kule barabarani. Je, mwenzake bado amembeba? Mtawa huyo mkubwa anatajwa kuwa Tanzan, mwalimu wa Zen aliyeishi Japani kuanzia 1819 hadi 1892. Hadithi hiyo imo katika kitabu cha Paul Reps na Nyogen Senzaki cha mwaka 1957.

Kwanza tulitaka kuwavalisha watawa nguo za kwetu. Hapo ugomvi ulianza. Vijana wetu walikuwa Wafuliiru, Wabarundi na Wabanyamulenge, na kila mmoja aliuliza: huyu mwenye hasira ni wa kabila gani? Na aliyebeba? Nusu siku ikapotea. Tukaamua Wajapani wabaki Wajapani. Hakuna mtu wa bonde anayewadai Wajapani ng'ombe wala shamba.

Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Tulikata sanamu za karatasi ngumu, viungo tukavifunga kwa uzi, tukazilaza juu ya meza, kamera ya foto ikaangalia chini kutoka kwenye benchi lililopinduliwa. Unasogeza mguu kidogo, unapiga foto, unasogeza tena. Picha 12 kwa sekunde moja. Dakika tatu ni picha 2.160. Mwanga wa jua ulituharibia siku mbili nzima, kwa sababu wingu likipita picha inakuwa nyeusi, na sinema inapepesa kama taa mbovu. Tukaziba madirisha kwa mablanketi, tukatumia balbu mbili na jenereta. Mvua tuliifanya kwa maharagwe juu ya ungo.

Mwenzetu Jean-Michel Kibushi, Mkongomani, alitutangulia zamani: mwaka 1992 alitengeneza filamu ya katuni kwa michoro ya watoto juu ya uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba katuni ni mchezo tu.

Shida kubwa ilikuwa jibu la mtawa. Hatukutaka maneno, maana ukichagua lugha moja umeshachagua upande. Basi utaonyeshaje kwa picha kwamba mtu bado amebeba? Kijana mmoja, fundi baiskeli, akapata wazo: mtawa mdogo atembee na kivuli cha msichana mgongoni, na kila hatua kivuli kiongezeke, mpaka mgongo upinde. Mkubwa anatembea mbele, mgongo mtupu. Ndivyo tulivyofanya, na tulifurahi sana.

Tulipoonyesha mara ya kwanza, watu walicheka vizuri. Kisha mama mmoja mjane akasimama. Akasema: "Mtoto wangu, mnaniambia nitue mzigo. Huyo mtawa hakuibiwa kitu wala hakuuawa mtu wake. Na huyo msichana hamkumuuliza neno. Kwenu amekuwa kivuli tu."

Nilikuwa nimetayarisha maswali yangu juu ya karatasi. Nikayakunja. Alisema kweli: tulichukua hadithi ya mtu aliyekasirikia kosa lisilomhusu, tukataka kumpa dawa hiyo hiyo mtu aliyezika watu wake.

Tulirudi mezani. Tukaongeza picha 60, sekunde tano tu: msichana ng'ambo ya matope, anakung'uta nguo, anaangalia nyuma, anaendelea na safari yake kwa miguu yake. Na swali la "mmejifunza nini?" tulilifuta. Sasa tunauliza: nani alikuwekea huo mzigo, na nani anapaswa kuja kuushika pamoja nawe? Mara nyingine majibu yanatupeleka kwa chefu, mara nyingine mahakamani, na mara moja yalitupeleka kwenye kaburi lisilo na alama.

Mama yule aliomba sanamu ya msichana. Tulimpa. Uzi wa mkono wa kulia ulikuwa umekatika, aliushona mwenyewe.