Ulinzi bila aibu: mafunzo kutoka viwanja vya ndege vya Marekani

Mazungumzo yetu mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wao

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya kupekuliwa. Kati yetu hakuna asiyejua neno hili. Mama anayetoka kambini kwenda kutafuta kuni, kijana anayekwenda soko, mkulima anayerudi kutazama shamba lake, wote wanapita kwenye vile vizuizi tunavyoviita barieri. Mzigo unafunguliwa, karte inaombwa, na mara nyingine mikono inapita mwilini. Mwaka 2017 watafiti wa shirika la IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini.

Lakini mfano tunaouleta leo unatoka mbali, kwenye viwanja vya ndege vya Marekani. Tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ndugu zetu wengi wamepita pale. Kwa miaka kadhaa Wakongomani walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yote kati ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Mpango ule ulisimamishwa Januari 2025, lakini wale waliofika wanaendelea kusafiri. Pili, ugomvi wa mbali unatusaidia kuongea bila kunyosheana vidole. Tukishauelewa, tutarudi kwa mambo yetu na moyo mtulivu.

1. Mambo yalianza namna gani

Tarehe 11 Septemba 2001 watu 19 waliteka ndege nne nchini Marekani, na karibu watu 3,000 waliuawa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule sheria iliunda TSA, idara ya serikali ya kulinda usafiri. Woga wa watu ulikuwa wa haki, na hatupaswi kuucheka.

Baadaye kila shambulio lilileta amri mpya. Desemba 2001 Richard Reid alijaribu kulipua ndege kwa baruti iliyofichwa ndani ya viatu. Ikafika siku ambapo abiria wote walitakiwa kuvua viatu. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waligundua mpango wa kulipua ndege kwa vitu vya majimaji. Chupa za zaidi ya mililita 100 zikakatazwa mkononi mwa abiria. Siku ya Noeli ya 2009 kijana wa Nigeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alipanda ndege kutoka Amsterdam kwenda Detroit akiwa na baruti ndani ya chupi. Baruti ilishika moto bila kulipuka, na abiria wenzake wakamkamata.

Mwaka uliofuata TSA ilieneza mashine zinazoona chini ya nguo. Msafiri alisimama na kuinua mikono, na picha ya mwili wake, karibu kama wa mtu aliye uchi, ilitokea mbele ya mfanyakazi aliyekaa chumba kingine. Msafiri alikuwa na ruhusa ya kuikataa mashine, lakini aliyekataa alipapaswa kwa mikono. Tangu mwisho wa Oktoba 2010 upapasaji huo ulifanywa kwa kiganja, hata kwenye matiti, mapaja na karibu na sehemu za siri. Hapo ndipo uvumilivu wa wengi ulipokwisha.

2. Watu walikataa kwa njia nyingi

Kati ya waliosikika mapema walikuwamo watu wa dini. Februari 2010 baraza la wanazuoni wa Kiislamu wa Amerika ya Kaskazini, Fiqh Council, lilitoa fatwa kwamba mashine hizo zinavunja mafundisho ya stara. Mwezi ule ule Papa Benedikto wa 16 aliwaambia wafanyakazi wa usafiri wa ndege kwamba, hata katika hatari ya ugaidi, mtu lazima aheshimiwe.

Novemba 2010 vyama vya marubani viliwashauri wanachama wao wasiingie ndani ya mashine. Mwezi huo, huko San Diego, msafiri mmoja alikataa mashine, akamwonya mfanyakazi asimguse sehemu za siri, na akaondoka bila kusafiri. Simu yake ilikuwa imerekodi yote, na nchi nzima ikasikia.

Kisa kilichochoma mioyo zaidi kilitokea Detroit. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu aliyepona kansa ya kibofu, alikuwa anavaa mfuko wa kukusanyia mkojo. Alijaribu kuwaeleza wapekuzi hali yake. Hawakumsikiliza. Mkono ulibana, mfuko ukaachia, na mzee akapanda ndege akiwa amelowa mkojo wake mwenyewe. John Pistole, mkuu wa TSA, alimpigia simu kumwomba radhi. Hata hivyo Julai 2011, kwenye kiwanja kile kile, mzee alilowa tena wakati wa kupekuliwa. Radhi ya mkuu haikufika mpaka kwenye mikono ya walio chini yake.

Kisha wanaharakati waliwaita wasafiri wote waikatae mashine tarehe 24 Novemba 2010, siku yenye safari nyingi sana kabla ya sikukuu ya Shukrani. Ni wachache walioitika. Watu walikuwa na tiketi mkononi na wazazi wakiwangojea nyumbani. Zaidi ya hayo, umma ulikuwa umegawanyika. Kura ya maoni ya CBS mwezi huo ilionyesha kwamba watu karibu wanne kati ya watano waliunga mkono mashine. Nyingine, ya ABC na Washington Post, ilionyesha kwamba nusu ya waliohojiwa waliona upapasaji umevuka mpaka. Maana yake ni kwamba wengi walitaka ulinzi, lakini hawakutaka mikono ile.

3. Nini kilipatikana, nini hakikupatikana

Wale waliotazama siku ile moja tu walisema upinzani umeshindwa. Lakini kazi nyingine ilikuwa inaendelea kimyakimya. Shirika la EPIC, linalotetea faragha ya raia, lilikwenda mahakamani. Julai 2011 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba mashine zinaweza kuendelea, lakini TSA ilikosea kuzianzisha bila kwanza kuuliza maoni ya raia, na ikaiamuru ifanye hivyo. Mwaka 2013 maoni zaidi ya 5,000 yalipokelewa. Kanuni ya mwisho ilitoka mwaka 2016, miaka mitano baada ya hukumu.

Upande wa Ulaya, Novemba 2011 Tume ya Umoja wa Ulaya iliruhusu tu mashine zisizotumia miale ya eksirei, na ikampa msafiri haki ya kuikataa mashine na kupimwa kwa njia nyingine. Huko Marekani sheria ya 2012 ilidai mashine zisionyeshe tena mwili wa mtu, ila mchoro mmoja wa kawaida, ulio sawa kwa wote, wenye alama mahali panaposhukiwa. Mashine za aina ya Rapiscan hazikuweza kubadilishwa, zikaondolewa zote mwaka 2013. Kwa watoto wenye miaka 12 na chini, upekuzi ulilainishwa mwaka 2011, baada ya watu kuona picha za msichana wa miaka sita akipapaswa. Sharti la kuvua viatu lilidumu mpaka Julai 2025.

Kupapaswa hakukuisha. Lakini msafiri ana haki ya kuomba apelekwe chumba cha faragha, awe na shahidi aliyemchagua, na apekuliwe na mtu wa jinsia yake. Mwenye ndugu kule amwambie: kuomba haki hizi si kosa, na huombwa kwa sauti ya upole.

4. Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, tutaje ubaya kwa jina lake. Waliosema "hatutaki kupekuliwa" hawakusikilizwa, kwa sababu kila mtu anaogopa bomu. Waliosema "picha isionyeshe uchi wetu" na "tuulizwe kabla ya amri" walipata kitu. Hata kwetu, tukimwambia mkuu wa askari aondoe barieri yote, atajibu kwamba adui atapita. Tukimwomba kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke, mahali palipositiriwa, na mama asitenganishwe na watoto wake, atapata shida kukataa mbele ya watu.

Pili, viongozi tujilinde na upendeleo. Marubani walipolalamika, katika wiki chache TSA iliwapunguzia upekuzi. Abiria wa kawaida walingoja miaka. Hatusemi marubani walifanya vibaya. Lakini kiongozi akipewa ruhusa ya kupita bila kuguswa, jambo linaanza kupoa moyoni mwake. Kiongozi wa kambi anayepita barieri kwa salamu tu, akumbuke mama aliye nyuma yake na mzigo wa makaa.

Tatu, tuwasikilize wanaoumia zaidi. Wahenga walisema, anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo ya mgonjwa. Hoja za wanasheria zilikuwa nzuri, lakini ni yule mzee wa Detroit aliyewafahamisha watu ni kitu gani hasa kinafanyika. Katika kamati zetu, je, mlemavu anakaa? Mama anayenyonyesha anakaa? Msichana ana mtu wa kumweleza aibu yake bila jina lake kutangazwa?

Nne, tutofautishe mtu na amri. Mpekuzi wa kiwanja cha ndege hakutunga kanuni. Wengi walitukanwa kwa kazi ambayo wakuu waliipanga. Hata askari kijana kwenye barieri mara nyingi yeye pia ametoka kijiji kilichoungua. Tusimchukie, lakini pia tusikubali neno "nimeamriwa" limalize mazungumzo. Twende kwa aliyeamuru.

Tano, ulinzi wa kweli unazaliwa na kuaminiana. Kumbukeni kwamba Novemba 2009, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya Noeli ile, baba yake Abdulmutallab alikwenda mwenyewe kwenye ubalozi wa Marekani huko Abuja, kuwaeleza kwamba anamhofia mwanae. Habari ilifika, haikufuatiliwa vizuri. Na mwaka 2015, wakaguzi wa serikali walipojaribu kupitisha silaha na mabomu ya bandia, yalipita mara 67 kati ya 70. Hatusemi mashine hazina kazi. Tunasema kwamba mzazi anayekuja kutoa habari ana thamani kubwa, na mtu aliyeaibishwa hatakuja kutoa habari. Askari anayempapasa binti leo, kesho hataonywa na baba yake kwamba kuna watu wenye silaha mtoni.

Sasa tuseme wazi tofauti kubwa. Kule, aliyekataa alikosa safari yake. Huku, aliyekataa mbele ya bunduki anaweza kukosa uhai. Kwa hiyo hatumwambii mtu yeyote abishane na bunduki akiwa peke yake njiani. Kidole kimoja hakivunji chawa. Njia yetu ni kwenda pamoja, mchana, chifu na mchungaji na imamu na mwakilishi wa wamama, mbele ya mkuu anayehusika, na maombi machache yaliyo wazi. Tuwe na daftari la kamati: tarehe, mahali, saa, jambo lililofanyika, bila majina ya walioumizwa. Daftari hilo lifichwe vizuri na litunzwe na mtu anayeaminika. Mkuu akibadilishwa, turudi na daftari lile lile kwa mkuu mpya.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni jambo gani moja katika kupekuliwa linalowaumiza watu wetu kuliko mengine? Tulitaje kwa sentensi moja.
2. Nani kati yetu anapita bila kupekuliwa, na anafanya nini kwa ajili ya wengine?
3. Nani ana amri juu ya barieri iliyo karibu nasi, na nani kati yetu anaweza kuongea naye?
4. Sisi wenyewe kambini, wakati wa kugawa chakula au kulinda usiku, tunawapekua wenzetu kwa heshima?

Swali la nne tusiliruke. Mkuu tutakayemwendea anaweza kutuuliza lile lile, na ni vizuri tuwe na jibu la kweli.