Wafinyanzi Wetu na Milango ya Maonyesho
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kinyerezi)



Tumepewa heshima ya kusema machache katika sherehe hii ya kutimiza miaka kumi ya Muungano wetu, na bila shaka wengi wenu mlitazamia tuseme juu ya mihogo, korosho na bei ya mchicha. Hayo yamekwisha kusemwa, tena na watu wayajuao kutushinda. Sisi twataka kusema juu ya zao ambalo halipandi mizani ya chama wala halimo katika daftari zetu, ingawa latoka katika ardhi ile ile tuilimayo. Zao hilo ni chungu.

Wazee walisema, mfinyanzi hula gaeni. Methali hii twaitamka huku tukicheka, lakini ndani yake mna hesabu ya kweli. Mama wa Uzaramo huchimba udongo bondeni, huutwika kichwani, huutoa mawe na mizizi, huuponda, hufinyanga kwa mikono pasipo gurudumu, hungoja siku kadha chombo kikauke kivulini, hununua kuni, huchoma. Na katika kuchoma huko, vingine hupasuka motoni, taabu yote ikawa vigae. Vilivyosalimika huvipanga kando ya njia: mitungi, vyungu, vyetezo, mikungu ya kufunikia. Mpita njia huuliza bei, hupunguziwa, huenda zake. Haulizi ni nani aliyekifinyanga. Nasi twaona kwamba hasara kubwa ya mfinyanzi imo katika swali hilo lisiloulizwa. Chombo kisicho na jina la mtu hakina ila bei ya udongo wake na kuni zake.

Katika maonyesho ya sanaa mambo huwa kinyume. Swali la kwanza ni: nani huyu? Kisha: katoka wapi, na kajifunza kwa nani? Bei hufuata baadaye.

Na tusidhani kwamba habari hizi ni za mbali nasi mno. Huko Nigeria, katika kijiji cha Kwali, alikuwako mwanamke mfinyanzi, Ladi Kwali, aliyezaliwa yapata mwaka 1925 na kufundishwa kazi na shangazi yake. Hakuwa na chuo. Mitungi yake ya maji ilikuwa ikinunuliwa na watu wa kwao, na mingine ikapambwa katika nyumba ya Emiri wa Abuja. Hapo ndipo ilipoonwa na Mwingereza mmoja, Michael Cardew, aliyepelekwa na serikali ya wakati ule kuanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi. Mwaka 1954 Ladi Kwali aliingia katika kituo hicho, akiwa mwanamke wa kwanza kupokewa.

Sikilizeni sasa yaliyotendeka, kwa maana hapa ndipo lilipo fundisho lote. Aliendelea kuviringisha udongo kwa mikono na kuchora mijusi, samaki na nge kama alivyofundishwa kwao. Lililobadilika ni moto: badala ya kuchoma kwa kuni uwanjani, vyombo vyake vilichomwa katika tanuri la joto kubwa na kupakwa rangi ya kioo, vikawa vigumu kama jiwe. Tena kila chombo kilipigwa muhuri wa kituo pamoja na muhuri wake mwenyewe. Mwaka 1958 vyombo hivyo vilionyeshwa London katika Berkeley Galleries, vikarudi tena 1959 na 1962. Mwenyewe alialikwa Ulaya na baadaye Marekani kufinyanga mbele ya watu. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimtunuku shahada ya heshima. Alifariki mwaka 1984, na leo picha yake imo nyuma ya noti ya naira 20. Ni wafinyanzi wangapi ulimwenguni waliochapwa katika fedha ya nchi yao?

Jirani yetu wa Kenya naye yumo katika hadithi hii. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusoma sanaa, na katika miaka ya 1974 na 1975 alikwenda kukaa kwa muda katika kituo kile cha Abuja, akajifunza kwa wanawake wa pale kazi ya kufinyanga kwa mkono. Fikirini: msomi wa Ulaya akarudi Afrika kukaa kitako chini ya mfinyanzi wa kijijini! Vyombo vyake, ambavyo havikufinyangwa kwa gurudumu wala kupakwa kioo, bali husuguliwa mpaka ving'ae, vimewekwa katika majumba makubwa ya makumbusho ya London na New York. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame.

Muda huo aliokaa Abuja ndio mfano mwema wa jambo ambalo wenzetu huliita ukaazi wa msanii. Maana yake si safari ya anasa, wala si shule yenye mtihani. Mtu hualikwa mahali penye matanuri, udongo wa namna nyingi na mafundi, akapewa chumba na meza ya kazi kwa majuma kadha au miezi mitatu, afanye kazi yake mwenyewe. Akimaliza, aghalabu huonyesha alichofanya. Mahali pa namna hiyo papo pengi. Marekani, katika jimbo la Montana, pana Archie Bray, tangu 1951. Uholanzi kuna kituo cha EKWC katika mji wa Oisterwijk. Denmark kuna Guldagergaard, na Japani kuna Shigaraki, mji wa wafinyanzi tangu zamani za kale. Italia nayo, katika mji wa Faenza, huwa na mashindano ya kimataifa ya vyombo vya udongo.

Lakini tusianze na Japani, maana mtu hawezi kuruka bonde kabla hajavuka mtaro ulio mbele ya nyumba yake. Hapa hapa Dar es Salaam, Barabara ya Kilwa wilayani Temeke, upo uwanja wa Sabasaba, ambako kila mwaka huja wageni wa nchi nyingi. Mwezi wa Agosti kuna Nanenane pale Morogoro, tunakokusanyika na wenzetu wa Tanga, Pwani na Morogoro. Ushirika hupeleka mahindi na mafuta ya nazi. Kwa nini usipeleke mtungi wenye jina la aliyeufinyanga? Tena miezi hiyo ni ya kiangazi, wakati vyombo hukauka vizuri na kuni huwaka, nayo kazi ya shamba ni nyepesi kidogo. Hata kama tungepanga kalenda wenyewe, tusingeipanga vizuri zaidi. Yako pia maonyesho ya wajasiriamali wadogo wa Afrika Mashariki, yaitwayo Nguvu Kazi au Jua Kali, ambayo huzunguka nchi hadi nchi: mwaka 2021 yalikuwa Mwanza, na 2022 Kampala.

Kwa upande wa sanaa yenyewe, wilayani Kinondoni kuna Kijiji cha Makumbusho, ambako kazi za jadi huonyeshwa kwa vitendo. Na Mikocheni kuna Nafasi Art Space, iliyoanzishwa mwaka 2008, yenye vyumba vya kazi na desturi ya kuwaalika wasanii wa ndani na wa nje. Wazee wetu waikumbuka na Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt, ambako vijana wengi walijifunza na kuuza. Jengo lile halipo tena. Twalitaja kwa makusudi, ili ijulikane kwamba milango hufunguliwa na milango hufungwa, na asiyeingia kwa wakati wake hungoja nje.

Nasi tunao wakati wetu, tena si mrefu. Kinyerezi ya leo siyo ile ya kabla ya mitambo ya umeme wa gesi iliyojengwa katika miaka ya 2010. Nyumba zimepanda vilimani na kushuka mabondeni hata kuukaribia Mto Msimbazi. Hatulaumu mtu kwa kujenga. Sisi wenyewe tumejenga. Lakini shimo la udongo likishafunikwa kwa saruji halifunuliwi tena, na bibi ajuaye kuutambua udongo mwema kwa kuuonja kwa ulimi hatakaa nasi milele. Hapo jirani, katika vilima vya Pugu wilayani Kisarawe, mna udongo mweupe uitwao kaolini, kwa wingi sana. Udongo huo huhitaji moto wa zaidi ya nyuzi 1,200, hali moto wa kuni za uwanjani aghalabu ni kati ya nyuzi 600 na 900. Ndiyo kusema, tunakaa karibu na hazina ambayo ufunguo wake ni tanuri, na tanuri hatuna. Mmoja wetu akienda kukaa mahali lilipo, akaona linavyojengwa na kulishwa, hatarudi na picha tupu.

Tumesikia wasemao: mama akiondoka miezi mitatu, shamba lake nani atalilima? Watoto je? Hilo ni swali la haki, nalo ndilo hasa linalowafanya wafinyanzi wa vijijini wasionekane katika mialiko hii, hata wawe hodari namna gani. Msanii wa mjini hufunga mlango akaenda. Mkulima hana mlango wa namna hiyo. Hakuna jumba la sanaa duniani litakalompalilia mihogo yake. Ila chama cha ushirika chaweza. Tulipoanza miaka kumi iliyopita, tulianza kwa kulimiana. Basi na tulimiane tena kwa ajili ya huyu.

Twaleta, kwa hiyo, mambo yafuatayo mbele ya Mkutano Mkuu. Sehemu ya kibanda cha Muungano, Sabasaba na Nanenane, na itengwe kwa vyombo vya udongo, kila kimoja kikiwa na alama ya mfinyanzi iliyopigwa udongo ungali mbichi, na kikaratasi cha jina lake na mtaa wake. Karani wa Muungano na apewe kazi ya kuzisoma barua za mialiko, maana nyingi ni za Kiingereza, zina siku ya mwisho, na hudai picha safi za vyombo pamoja na maelezo mafupi ya kazi. Aangalie hasa nani hulipa nauli na chakula: mialiko mingine hugharimia yote, mingine humtaka mgeni alipe, na barua nyingine ni za hila tupu, hudai fedha kwanza kisha mwenyewe hapatikani. Asiachiwe mama peke yake kuchambua mambo hayo. Na pasi ya kusafiria itafutwe mapema, kabla mwaliko haujaja.

Twapendekeza pia mfuko mdogo, hata ukianza na kidogo cha kila chama cha msingi, wa kumlinda nyumbani mwanachama aliyealikwa, na wa kununua vitu vya kufungia vyombo. Vyungu vyetu ni laini. Vikisafirishwa ovyo havifiki. Maganda ya mpunga na majani makavu, yakishindiliwa ndani ya chombo na pande zote za sanduku, hufanya kazi nzuri kwa safari za hapa nchini. Kwa safari za ng'ambo forodha za nchi nyingi hukataa majani, hivyo yatafaa makaratasi na magodoro mabovu.

Wafinyanzi watakaopenda kujaribu walete vyombo vitatu kila mmoja katika ofisi ya Muungano kabla ya mwisho wa mwezi wa Mei: kimoja cha matumizi ya kila siku, kimoja cha jadi, na kimoja alichobuni mwenyewe pasipo kuagizwa na mtu. Hicho cha tatu ndicho tutakachokitazama kwanza.