TANGI LA PIKAPU YETU
(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika)



Mkutano huu tumeuitisha kwa jambo moja tu: pikapu yetu inavuja petroli. Msimu wa pamba umefika, mizigo iko majumbani, na gari ni hilo hilo moja. Lakini si hasara ya petroli peke yake iliyotusumbua. Juzi tumekuta watoto wamekinga vikopo chini ya gari, na hatua chache tu kutoka pale jiko la maandazi linawaka. Tukasema hapana, wanachama waitwe.

Ndugu zangu, kinachowaka hasa ni mvuke wa petroli. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, haupai juu kama moshi. Hutambaa chini, huingia mashimoni, ukikuta moto huko mbali, moto hurudi nao mpaka kwenye tangi. Mnakumbuka ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, waliofariki wakazidi 100. Wale walikuwa wananchi kama sisi. Kwa hiyo mzazi ambaye mtoto wake ataonekana na kikopo pale tutamwita ofisini.

Sasa tundu lenyewe. Tone linapodondokea sipo penye tundu, maana petroli hufuata ubavu wa tangi hadi pa chini kabisa. Tulilifuta tangi likakauka, tukapaka chaki, tukangoja. Chaki ililowa chini ya mkanda wa chuma unaoshikilia tangi. Ni matope ya masika yaliyojibana pale, yakakaa na maji, kutu ikala bati. Gari za barabara zetu hizi ndivyo zinavyozeeka.

Wako waliosema tangi likaushwe, lipelekwe kuchomelewa, eti likiwa tupu halina hatari. Hilo tunalikataa kabisa! Tangi tupu ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani mna mvuke uliochanganyika na hewa, nao unangoja cheche tu. Mafundi wamekufa kwa jambo hilo. Kuchomelea kunataka tangi lishushwe, lioshwe vizuri mno, na mtu anayeijua kazi hiyo. Hapa kijijini hatunaye.

Dereva wetu ameziba kwa sabuni ya mche, akiisugua kwenye tundu mpaka ikashika. Kafanya vizuri, sababu petroli haiyeyushi sabuni. Ila hiyo ni dawa ya kufikia nyumbani, maji ya barabarani yataiondoa. Na asije mtu na kipande cha tyubu: mpira ukilowa petroli huvimba na kulegea.

Tulivyokubaliana katika kamati ni hivi. Waya wa betri utafunguliwa kwanza. Petroli itatolewa nje, uwanjani, iingie kwenye madumu yenye vifuniko. Tangi litashushwa, kutu ikwanguliwe kwa msasa wa mkono, si kwa mashine yenye cheche, mpaka bati ling'ae. Kisha gundi ya chuma, ile ya mirija miwili inayochanganywa, pamoja na kiraka cha kitambaa kigumu. Ikauke usiku kucha. Mkanda utarudi na kipande kipya cha kuukinga usisugue.

Hata hivyo kiraka hicho kitusogeze msimu huu tu. Bati likishaliwa pamoja, jirani yake nako kumekonda. Tunaomba mkutano ukubali sehemu ya ushuru wa pamba itengwe kununua tangi jingine, hata kama limekwisha kutumika, bora liwe zima. Wanaotaka kupinga wapinge hapa hapa, siyo kilabuni.

Mpaka hapo gari halipakii abiria, wala halilali karibu na mashine ya kusaga.

Kazi ni Jumatano asubuhi. Anatakiwa kijana mmoja wa kusaidia kushusha tangi, asiwe mvuta sigara.