Soko la Shule na Wajibu wa Chama cha Msingi

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wajumbe wa bodi na watendaji wa vyama wanachama)



Tangu KNCU ilipoandikishwa huko Kilimanjaro mwaka 1933, ushirika wa Tanzania umejengwa zaidi juu ya mazao yaendayo mbali: kahawa, pamba, tumbaku na korosho. Mkulima amezoea kuona gunia lake likipakiwa na kuondoka, asijue ni nani atakayelitumia. Lakini katika vijiji vingi lipo soko jingine, lililo karibu kiasi kwamba kengele yake husikika kutoka ghalani kwa chama. Soko hilo ni shule ya umma.

Shule hununua mahindi, maharage, mchele, mafuta ya kupikia, kuni na madawati. Hununua pia huduma: usagaji wa nafaka, usafirishaji, useremala na ukarabati wa majengo. Aghalabu mahitaji hayo huletwa na mfanyabiashara wa mjini, ambaye naye alinunua nafaka hiyo kwa mkulima wa kijijini wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Gunia hutoka kijijini, huzungushwa mjini, kisha hurudi shuleni likiwa na bei nyingine. Faida inayopatikana katika mzunguko huo ingeweza kubaki kwa wanachama. Haibaki, kwa kuwa mfanyabiashara yule anajua mambo ambayo vyama vingi havijajishughulisha kuyajua.

MIFUKO MITATU

Jambo la kwanza ni kufahamu kwamba shule haina mfuko mmoja. Anayekwenda kuuza bila kujua fedha zitatoka wapi hujipeleka kwenye hasara.

Mfuko wa kwanza ni fedha za serikali. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ruzuku ilihesabiwa kwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na shilingi 25,000 kwa wa sekondari; na sehemu ya fedha hizo ilizuiliwa kwa ununuzi wa vitabu. Kwa hesabu hiyo, shule ya msingi yenye wanafunzi 600 haikuwa na zaidi ya shilingi milioni 6 kwa mwaka mzima. Kwa hiyo chama kisitazamie kuuza shehena kubwa ya chakula kwa fedha za ruzuku. Chakula cha wanafunzi wa bweni ndicho kinachogharamiwa na serikali, na hapo ndipo penye zabuni kubwa.

Mfuko wa pili ni wa wazazi. Katika shule za kutwa, jukumu la chakula cha mchana liko kwa wazazi na jamii, kwa makubaliano ya vikao. Wengine hutoa fedha, wengine debe la mahindi na kiasi cha maharage. Mfuko huu haupitii makao makuu ya wilaya. Husimamiwa kijijini, na wenye kauli ni kamati ya shule na mkutano wa wazazi.

Mfuko wa tatu ni wa miradi ya ujenzi na samani. Mwaka 2021, chini ya mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, serikali iliagiza kujengwa madarasa 15,000, na kila darasa lilihitaji matofali, milango, meza na viti. Chama chenye karakana ya useremala au mashine ya matofali kilikuwa na nafasi yake hapo, ikiwa karatasi zake zilikuwa tayari.

KALENDA TATU

Jambo la pili ni wakati. Mkulima, shule na serikali hufuata kalenda tatu zisizolingana. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, mahindi huvunwa kati ya Mei na Agosti. Mwaka wa shule huanza Januari. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Katika mwanya ulioko baina ya kalenda hizo ndipo mlanguzi hupata riziki yake: hununua Juni, huuza Februari.

Chama kinachotaka kuziba mwanya huo hakina budi kutenda mambo mawili. Kwanza, kionane na kitengo cha ununuzi cha halmashauri kabla ya Julai, mpango wa ununuzi wa mwaka ukiwa bado unatayarishwa, na kuzitembelea kamati za shule kabla ya vikao vya wazazi vya mwisho wa mwaka. Anayefika Februari hukuta mkataba umekwisha kutiwa saini. Pili, kiwe na ghala kavu na safi, litakalohifadhi nafaka kwa miezi sita bila kuliwa na dumuzi.

Hesabu ifanywe mapema. Kwa mfano, shule ya kutwa yenye wanafunzi 400, ikimpa kila mmoja gramu 150 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku 190 za masomo, itahitaji kilo 11,400 za mahindi na kilo 3,040 za maharage kwa mwaka. Hayo ni magunia 114 ya mahindi na zaidi kidogo ya magunia 30 ya maharage, kila gunia likiwa na kilo 100. Mkulima mmoja mdogo hawezi kuahidi kiasi hicho, lakini wakulima thelathini wanaweza. Haba na haba hujaza kibaba. Na kazi ya chama cha msingi tangu asili ni kuzikusanya hizo haba.

KARATASI NA MFUMO

Ununuzi wa fedha za umma unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 pamoja na kanuni zake za mwaka 2024. Zabuni hutangazwa na kuombwa kwa njia ya mfumo wa kielektroniki uitwao NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023 kuchukua mahali pa mfumo wa TANePS. Chama kisichojiandikisha humo hakitambulikani kama mzabuni, hata kama ghala lake linatazamana na mlango wa shule. Hati zinazotakiwa si ngeni: cheti cha uandikishaji kutoka kwa Mrajis, namba ya mlipakodi, uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato, leseni ya biashara na akaunti ya benki kwa jina la chama. Hati iliyopitwa na muda ni sawa na hati isiyokuwapo. Yafaa mtendaji mmoja apewe kazi ya kuzitunza na kufuatilia matangazo kila wiki, na mwingine afundishwe kazi hiyohiyo, chama kisikwame mmoja anapougua.

Hapa pana jambo linalochanganya wengi. Huko Brazil, sheria ya mwaka 2009 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha za serikali kuu za chakula cha shule zitumike kununua moja kwa moja kwa wakulima wa kaya na vyama vyao. Na kwa mabadiliko ya mwaka 2025, kiwango hicho kikapandishwa kuwa asilimia 45 kuanzia mwaka 2026. Tanzania nayo ina asilimia 30, lakini maana yake ni nyingine: fungu hilo la ununuzi wa umma limetengwa kwa vikundi maalumu vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Chama cha ushirika hakiingii humo kwa jina la ushirika tu. Hata hivyo wanawake au vijana walio wanachama wanaweza kuunda kikundi, kukiandikisha kwa utaratibu uliowekwa, na kununua nafaka ya chama chao ili kuisaga na kuiuza shuleni.

Vyama jirani navyo visishindane kwa kushushiana bei. Ikiwa shule ya bweni inahitaji tani 60 na hakuna chama chenye tani hizo, ni kazi ya chama kikuu kuomba zabuni kwa niaba ya vyama vitatu au vinne na kugawanya mzigo kwa maandishi.

UZITO NA USALAMA WA CHAKULA

Shule inanunua kwa kilo. Rumbesa haina nafasi katika biashara hii: anayejaza rumbesa humwibia mkulima, na anayepunguza gunia humwibia mtoto. Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo iwepo ghalani, na uzito upimwe upya shuleni mbele ya mwakilishi wa kamati.

Lililo zito zaidi ni usalama. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na nafaka iliyoshukiwa ni mahindi ya majumbani. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, na sumukuvu kwa jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kwa hiyo kipima unyevu si anasa, na turubai la kuanikia si gharama ya kukwepwa. Mwanachama akileta mahindi mabichi au yenye ukungu, yakataliwe mchana kweupe, awe mjumbe wa bodi au asiwe. Gunia moja lililopokelewa kwa kuoneana haya laweza kuingia katika sufuria la watoto mia nne.

MALIPO

Sasa yasemwe yale ambayo wazabuni wa chakula cha shule wanayajua kwa uchungu. Serikali hulipa, lakini si kila mara hulipa kwa wakati. Na madai ya wazabuni wa shule yamewahi kufika hata Bungeni. Mfanyabiashara tajiri huweza kungoja miezi minane. Mkulima aliyetoa magunia yake mawili hawezi, maana ada ya chuo ya mwanawe haingoji, wala mbolea haingoji. Chama kinachopeleka akiba yake yote shuleni kwa mkopo huweza kushinda zabuni na kufilisika mwaka huohuo.

Kinga ya kwanza ni kiasi. Mkutano mkuu uamue ni magunia mangapi chama kinaweza kuyatoa na kungoja malipo kwa muhula mzima bila kushindwa kuwalipa wanachama, na uamuzi huo ulinganishwe na ukomo wa madeni ulioidhinishwa. Kinga ya pili ni mafungu: mzigo upelekwe kwa mwezi au kwa muhula, na mkataba useme wazi kwamba fungu linalofuata litatolewa baada ya lililotangulia kulipwa. Kinga ya tatu ni maandishi. Hapana kupeleka mzigo kwa simu ya mwalimu mkuu peke yake. Iwepo hati ya agizo, hati ya mapokezi yenye saini, tarehe na uzito, ankara, na risiti ya mashine ya kielektroniki. Na kodi ya zuio itakayokatwa ihesabiwe katika bei tangu mwanzo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wanachama nao wana sehemu yao. Chama kikiisha kuahidi magunia 114, halafu bei ya mlanguzi ikapanda mwezi Januari na wanachama wakatorosha mahindi yao usiku, shule itabaki na jiko baridi na chama kitabaki na aibu. Ahadi ni deni. Ndiyo maana inafaa kila mwanachama atie saini idadi ya magunia atakayoyaleta, apewe malipo ya kwanza anapoyafikisha ghalani, na malipo ya pili fedha za shule zinapoingia.

PANDE MBILI ZA MKULIMA MMOJA

Imebaki hoja moja, ambayo haimo katika fomu yoyote ya zabuni. Katika mfuko ule wa wazazi, muuzaji na mnunuzi ni mtu yuleyule. Mkulima anayetaka bei nzuri ya mahindi yake ghalani ndiye mzazi anayeombwa mchango shuleni. Chama kikipandisha bei kupita kiasi, kaya maskini zitashindwa kuchangia, na watoto wao ndio watakaokaa nje ya foleni ya sahani wakiwatazama wenzao. Kikiuza kwa hasara ili kisifiwe, kitawadhulumu wanachama na hakitadumu. Bei ya haki ni ile inayomlipa mkulima zaidi ya mlanguzi, inayolipa ghala na usafiri, na kuishia hapo. Na hesabu yake ibandikwe ukutani ofisini kwa chama na shuleni pia, kila mmoja aisome.

Kwa sababu hiyohiyo, mjumbe wa bodi ya chama ambaye pia ni mjumbe wa kamati ya shule atamke maslahi yake na atoke nje ya kikao bei inapojadiliwa. Zawadi kwa mwalimu mkuu, hata ikiitwa shukrani, ni rushwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Mfanyabiashara akifukuzwa kwa rushwa hupotea yeye peke yake; chama kikifukuzwa, hupotea jina la wanachama wote.

Basi bodi za vyama zipeleke jambo hili katika mkutano mkuu ujao zikiwa na takwimu tatu mkononi: idadi ya wanafunzi wa shule zilizo jirani, kilo zinazoweza kuhifadhiwa salama ghalani, na fedha ambazo chama kinaweza kungoja bila kumuumiza mwanachama. Ndogo kuliko zote katika hizo tatu ndiyo itakayoonyesha ukubwa wa mkataba wa kuanzia. Chama kianze na shule moja, kwa muhula mmoja, kilete mzigo kamili siku iliyoahidiwa, kisha kitazame daftari lake kabla ya kuiendea shule ya pili.