Uvimbe Usihukumiwe kwa Sura



Mtu akivimba chini ya sikio, watu husema mara moja: hayo ni matubwitubwi. Huenda ikawa kweli, nayo huisha baada ya siku chache. Lakini uvimbe usiouma, unaokaa miezi, ni jambo jingine. Pale ipo tezi kubwa ya mate, nayo huota uvimbe wa aina nyingi. Kwa bahati, takriban 8 katika kila 10 si saratani.

Je, hizo mbili zilizobaki zitajulikanaje? Kwa macho na vidole haiwezekani. Mtaalamu wa maabara hukata kipande chembamba, akakipaka rangi na kukitazama kwa hadubini. Hata hapo, seli za magonjwa mbalimbali hufanana kama pacha. Ndipo protini zinapoitwa kutoa ushahidi. Kipande hutiwa kingamwili iliyotengenezwa ili ishike protini moja tu. Ikiikuta, kwa dawa maalumu pale hugeuka rangi ya kahawia.

Nitoe mfano. Zamani saratani mbili za tezi hizi mara nyingi ziliandikwa jina moja. Mwaka 2010, Dakta Alena Skálová wa Plzeň, nchini Cheki, na wenzake walionyesha kwamba mojawapo ni ugonjwa wa peke yake, unaofanana na aina fulani ya saratani ya titi. Leo protini huzitenganisha: moja kwa kawaida huonyesha DOG1, nyingine S100 na mamaglobini. Wala si ugomvi wa majina. Hiyo ya pili kwa kawaida huwa na hitilafu ya jeni ambayo dawa yake, larotrectinib, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa wagonjwa ambao upasuaji hauwafai.

Hata hivyo, protini ni shahidi, si hakimu. Hutazamwa kadhaa, pamoja na sura ya seli. Na shahidi huyo hanena kitu ikiwa kipande kimeachwa kikaoza badala ya kutiwa mapema katika fomalini.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Ukitolewa uvimbe, hata uwe mdogo kama punje ya kunde, usikubali utupwe. Uliza kwa adabu: umepelekwa maabara? Majibu yatatoka lini? Kuuliza si utovu wa heshima. Ni haki yako.