Jetski Inapogoma Kuwaka Asubuhi

Mwezi wa Mei katika jimbo la Minnesota, barafu ya maziwani imeshayeyuka na watu wanavuta vyombo vyao kwa trela kuelekea majini. Wenye jetski mpya hubonyeza kitufe mara moja, safari ikaanza. Halafu yupo mwenye ile ya zamani, ya injini ya mipigo miwili na kabureta. Anabonyeza, stata inazunguka, inazunguka tena, mpaka inaanza kukoroma. Jirani anasema ni baridi. Mwenyewe anaapa kuwa ni betri.

Kila mmoja ameshika kipande tu cha ukweli.

Betri hupungua nguvu kweli kwenye baridi. Iliyojaa chaji husoma volti 12.6 hivi ikiwa imetulia. Ikianguka chini ya 10 wakati stata inazungusha, ichajiwe kwanza. Fundi ataangalia pia kamba ya usalama kama imechomekwa, na koki ya petroli kama iko wazi. Hayo hayana gharama, ingawa kuna waliofungua injini nzima kabla ya kuyakumbuka. Kisha anatoa plagi. Ikiwa imelowa petroli na cheche ni hafifu, abadilishe. Ikitoka kavu, aache kuisumbua betri.

Plagi kavu baada ya kuzungusha muda wote huo maana yake petroli haijafika. Jetski nyingi za aina hii hazina pampu ya umeme. Ndani ya kabureta, kama zile za Mikuni, mna utando mwembamba unaochezeshwa na pumzi ya injini yenyewe, pistoni zinapopanda na kushuka. Stata ikizungusha polepole, pumzi hiyo ni dhaifu. Chombo kikikaa wiki kadhaa, petroli iliyokuwa kwenye mipira hurudi tangini, na utando uliokakamaa hushindwa kuivuta upya. Ikishawaka haisumbui tena siku hiyo: mipira imejaa, na injini yenye joto haihitaji petroli nyingi ili kuwaka. Ndivyo betri inavyosingiziwa, ilhali imechoshwa na kazi ya mwingine.

Petroli nayo huzeeka. Ikilala tangini majira yote ya baridi hupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayogeuka mvuke upesi, ambayo ndiyo tegemeo la injini baridi. Yenye ethanoli hunyonya unyevu pia. Huko Nyali, Mombasa, hakuna barafu, lakini jetski iliyofungiwa bandani msimu mzima wa kusi inaweza kugoma kwa sababu hizo hizo.

Sea-Doo za miaka ya 1990 zina mkosi wa ziada: mipira yake ya kijivu huoza kwa ndani na kutoa uteute wa kijani unaoziba vichujio vya kabureta. Kuosha kabureta na kuiacha mipira ile ile ni kupoteza Jumamosi.

Wengi hukwepa kazi hiyo kwa kufunga praima, kipampu cha mkono kinachorusha petroli moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Kwa kabureta nzima ni msaada mzuri. Kwa iliyoziba ni hatari: injini inawaka vizuri, kisha kwenye mwendo wa kasi inapata petroli pungufu, inapata joto kupita kiasi na kutoboa pistoni. Kupuliza etha ili injini iwake ni kubaya zaidi, kwani huondoa oili inayolinda silinda.

Kabla ya jaribio lolote, kiti kifunguliwe mvuke utoke. Cheche moja ndani ya bodi iliyojaa mvuke wa petroli huleta mlipuko. Na kwenye nchi kavu, mpira wa maji ya kupoza ufunguliwe baada ya injini kuwaka, ufungwe kabla ya injini kuzimwa. Maji yakitangulia hupita njia ya ekzosi hadi ndani ya silinda, na hapo stata haitazungusha kitu.